Mti Mmoja, Viwanja Tisa

Nimewahi kukutana na mti unaotembea.

Msinicheke. Sikuwa nimekunywa kitu, sikuwa na homa, na sikusimuliwa na mtu. Niliuona kwa macho yangu, mchana kweupe, na picha ninazo kwenye simu mpaka leo. Mti mmoja, uleule, umesimama kwenye viwanja tisa tofauti ndani ya miezi mitano.

Wahenga walisema ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mimi ya Musa niliyaona kwenye kiwanja cha nesi mstaafu. Ya Firauni yalikuwa yananisubiri nyumbani kwetu.

Ngojeni nianzie mwanzo, maana bila mwanzo mtanihukumu vibaya. Mkifika mwisho mkanihukumu vibaya vilevile, sawa, hiyo nitaipokea.

Nilikuwa mkaguzi kwenye ofisi ya ardhi ya mji wetu. Jina langu halina kazi hapa. Mjini waliniita Mita, na hata ofisini wengi walishasahau jina lililoko kwenye cheti.

Niliitwa Mita kwa sababu ya kijito.

Kuna kijito kinapita katikati ya mji. Wakati wa jua utakidharau, maji yanafika kifundo cha mguu na kuku wanavuka. Mvua zikianza kinakuwa mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana sheria yake ni fupi: usijenge ndani ya mita thelathini kutoka ukingoni.

Sasa viwanja vya pale ni vidogo. Kuna watu ukiwakatia mita thelathini, wanabaki na pa kuanikia nguo tu. Hao sheria imewawekea mlango wa pembeni, unaitwa ruhusa maalumu. Unaandika ombi, kamati inakaa, na ikikuonea huruma unaruhusiwa kusogea mpaka mita kumi na tano.

Lakini kwa sharti. Zile mita kumi na tano zinazobaki kati ya nyumba na maji, unapanda miti arobaini ya kushika udongo. Unasubiri miezi sita. Kisha mkaguzi anakuja mara moja, anahesabu miti iliyo hai, anasaini. Bila ile saini huweki hata tofali moja.

Mkaguzi mwenyewe ndiye mimi.

Nilijivunia kazi ile, sitawaficha. Watu wakiniona na tepu yangu ya kupimia walikaa chonjo. Sikupokea cha mtu. Hata soda ya mwenye kiwanja sikunywa, nilibeba maji yangu kwenye chupa. Nilikuwa najiambia, Mita, mji huu umejaa wachafu, lakini wewe ni msafi.

Na kweli nilikuwa msafi. Hasa viatu.

Hapo kwenye viatu pakumbukeni, tutaparudia.

Nina dada mmoja. Wazazi wetu walitangulia nikiwa darasa la nne, yeye ana miaka kumi na tisa na mchumba tayari. Mchumba akasema yeye anaoa mke, haoi ukoo. Dada akamrudishia vitu vyake, akabaki na mimi.

Akaanzisha kitalu cha miche nyuma ya nyumba yetu, kule chini kijito kinapokata kona. Mimi nimesoma kwa miche, ndugu zangu. Kila daftari, kila sare, nyuma yake kuna mtu alikuja kununua mche wa kupanda uani kwake.

Mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia pazia la sebuleni. La kijani, lina ndege wa njano. Nikilifikiria leo naona lilikuwa baya kwelikweli, ila muuzaji aliniapia kwamba ndiyo la kisasa. Dada alilitundika siku hiyohiyo, na kila mgeni aliyeingia aliambiwa, "Hilo kaninunulia mdogo wangu."

Kila Jumapili mchana nilikula kwake. Alinipokea mlangoni, ananitazama kuanzia kichwani, macho yanaishia miguuni.

"Mkaguzi wa kijito," anasema, "viatu vyako havina tope hata siku moja."

Nilidhani ananisifu.

Tukishakula ananiuliza, "Wiki hii unakwenda kwa nani?" Nami namwambia. Jumanne kwa fundi magari, Ijumaa kwa mwalimu. Namweleza na mbwembwe juu yake, nani alitetemeka aliponiona, nani alinikaribisha chai nikakataa. Nilijua anafurahi kusikia mdogo wake amekuwa mtu.

Haya, sasa twende kwa nesi.

Kiwanja chake kilikuwa cha kumi na moja. Kumi nilishavikagua na kuvisaini vyote, na bosi alikuwa amenipongeza mbele ya watu.

Nakagua vipi? Naegesha pikipiki juu kwenye kokoto. Nasimama kwenye kona ya kiwanja. Nahesabu safu, ziko tano. Nahesabu miti ya safu moja, iko minane. Nane mara tano arobaini. Napiga picha mbili, nasaini juu ya kiti cha pikipiki, naondoka. Dakika tano, nikichelewa sana sita.

Siku ile kulikuwa na manyunyu. Nikatoa kalamu nisaini, ikaniteleza. Ikabingirika kwenye mteremko, ikaenda mpaka safu ya pili na kusimama kwenye shina la mti.

Nikashuka kwa vidole, nachagua pa kukanyaga. Nikainama.

Pale kwenye shina palikuwa na kitambaa kimefungwa. Ukanda mwembamba, wa kijani. Una ndege mmoja wa njano, amekatwa katikati.



Nikajiambia mapazia yako mengi duniani. Lakini wakati najiambia hivyo, macho yalishaona kitu kingine. Chini ya udongo, kuzunguka shina, kulikuwa na mdomo wa mfuko mweusi wa plastiki. Ule wa kitaluni.

Nikaushika mti, nikavuta kidogo tu. Ukatoka mzima na mfuko wake.

Nikavuta wa jirani. Ukatoka. Nikavuta wa tatu. Miti yote arobaini ilikuwa imefukiwa na mifuko yake, kama mtu aliyelala na viatu akisubiri gari la alfajiri.

"Mwanangu, bado tu?" Nesi alikuwa ametokea kwenye ngazi za chumba anachopanga, pembeni ya kiwanja.

"Mama, hii miti umeipanda lini?"

"Miezi sita sasa."

"Na mifuko yake?"

Akakaa kwenye ngazi taratibu, mkono kwenye goti. Hakujaribu kubisha.

"Yangu ilikauka," akasema. "Niliipanda kweli, baba. Nikaugua wiki tatu, nikarudi nikakuta vijiti. Ningekuja ofisini kukuambia, ungeniongezea muda?"

Nisingemwongezea. Nilimjua Mita vizuri.

"Kwa hiyo hii ni ya nani?"

Nesi akanitazama kwa mshangao wa kweli, yule mama hakuwa anaigiza.

"Kumbe hujui?" akasema.

Nilirudi kwenye pikipiki. Nikafungua picha za kazi kwenye simu. Kiwanja cha kumi, nikaivuta picha iwe kubwa. Safu ya pili, mti wa nne, kitu cha kijani. Kiwanja cha tisa, upo. Cha nane. Cha saba. Nikarudi nyuma mpaka cha tatu, na kila picha imo ile rangi, mti uleule, matawi yaleyale mawili yaliyoinama kushoto.

Viwanja tisa. Picha nimepiga mwenyewe, na chini ya kila picha kuna saini yangu.

Mwenye macho haambiwi tazama, si ndivyo tunavyosema? Mimi nilikuwa nayo mawili na nikalipwa kwa ajili yake.

Huenda mtasema, kwani tatizo kubwa lipi? Rudi ofisini, futa ripoti, maisha yaendelee. Sikilizeni.

Jumatatu ya wiki ile bosi alikuwa ameniwekea faili mezani. Mwenye ombi ni mmiliki wa chekechea, tunamwita Kofia, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila kofia hata ndani ya nyumba. Alitaka kujenga madarasa sita kwenye kona ya kijito, ng'ambo ya nyumba ya Dada. Hakuomba mita kumi na tano. Aliomba saba.

Na sababu zake alizipata wapi? Kwangu. Aliambatanisha ripoti zangu kumi, na nafasi ya kumi na moja ameiacha wazi aijaze wiki hiyo. Aliandika kwamba ruhusa zote zilizotolewa zimefanikiwa, miti yote imeshika, hakuna hata mmoja uliokufa, kama alivyothibitisha mkaguzi mwaminifu. Kwa hiyo thelathini ni woga wa zamani, na kumi na tano yenyewe imezidi.

Kamati ingekaa Alhamisi. Ikikubali saba kwa Kofia, kesho yake mji mzima ungeomba saba. Ukishampa mmoja nafasi ya pembeni, wa pili anakuja kudai haki yake.

Na mita saba tu kutoka maji yale wangekaa watoto sitini wa miaka minne na mitano.

Nikaufunga ule mti nyuma ya pikipiki, na mfuko wake. Nikaenda kwa Dada.

Alikuwa kitaluni, ameinama anamwagilia. Hakuniuliza nimekujaje siku ya kazi. Aliangalia mti, akaniangalia mimi, akaweka ndoo chini.

"Umeuona," akasema.

"Dada, ni nini hiki?"

"Ingia ndani."

Sikuingia. Nilikuwa na hasira ya mtoto, ile inayotaka kulia. "Ni mimi nilikuwa nakuambia tarehe. Umenikamua habari mezani kwako, miezi yote hii nakula hapa nikidhani unanipenda."

Ningekuwa na uwezo wa kulirudisha neno lile mdomoni, ningelirudisha.

Dada akafuta mikono kwenye nguo.

"Wa kwanza alikuwa fundi magari," akasema. "Miti yake ililiwa na mbuzi, ukaguzi ni kesho, mkewe mjamzito wanalala gereji. Nilimwonea huruma nikamwazima. Wa pili aliambiwa na wa kwanza, nikamwonea aibu. Wa tatu alikuja na mkokoteni kabisa, hajanisalimia, kama anayechukua chake. Ningemkataa vipi? Angesema mbona wale wawili umewapa."

"Ukaanza kuwakodisha."

"Nikaanza kuwakodisha. Sisemi uongo."

"Na Kofia?"

Hapo uso ukamshuka. "Kofia anataka miti mia mbili ya kuonyesha. Nimemkataa. Akasema nikikataa anakwenda kwa bosi wako kumwambia nani anayempa dada yake ratiba ya ukaguzi."

Nyuma yake niliona uzio wa kitalu. Nilizoea kuona nguzo saba upande wa kijito, sasa zilikuwa nne.

"Nguzo nyingine ziko wapi?"

"Zimekwenda na maji. Mbili mwaka huu."

Nikatoa tepu. Kazi ni kazi hata moyo ukiwa umevurugika. Kutoka ukuta wa jiko mpaka ukingo, mimi mwenyewe nilishawahi kupima nikiwa kijana, zilikuwa mita kumi na mbili. Nikapima. Nane.

Viwanja kumi huko juu, ukingo mtupu, udongo unakatika na maji yanakuja na nguvu yote kwenye kona ya Dada. Saini zangu ndizo zilizokuwa zikila jiko nililolelewa ndani yake.

Tulikaa kwenye kizingiti. Mwisho nikamwambia, "Alhamisi nitasema. Wewe usije."

"Utapoteza kazi."

"Nitajua la kufanya. Usije, Dada."

Jumatano nzima nilikuwa najipangia maneno, na hapa ndipo mnihukumu mkitaka. Nilijitafutia upenyo. Nitasema miti ilikuwa ya muda, ripoti zifutwe. Wakiuliza ni ya nani na tarehe zilivujaje, nitasema uchunguzi uendelee. Kamati zinapenda sana uchunguzi uendelee. Watoto watapona, Dada atapona, na Mita atabaki na mshahara wake.

Alhamisi saa nne asubuhi. Ukumbi wa kamati una meza ndefu, viti vya plastiki, na feni moja inayolia kila ikimaliza mzunguko. Mti niliuficha chini ya meza, nimeuzungushia gazeti.

Nikageuka nyuma. Dada amekaa kiti cha mwisho, kavaa nguo ya Jumapili.

Kofia akaitwa kujieleza. Na niseme haki, alijieleza vizuri. Watoto sitini kwenye chumba kimoja, mvua ikinyesha wanasimama kwa kuwa sakafu inalowa, wazazi hawana pengine pa kuwapeleka. Nilimwonea huruma, na mwenyekiti, mama mmoja mfupi wa miwani, aliinamisha kichwa akimsikiliza.

"Na usalama upo," Kofia akamalizia. "Ripoti za mkaguzi hizo hapo. Miti imeshika kila mahali."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mkaguzi, hizi ripoti ni zako?"

"Ni zangu, mwenyekiti."

"Unazithibitisha?"

Nikaunyanyua mti, nikauweka juu ya meza. Udongo ukamwagikia makaratasi ya kikao.

"Huu ni mti wa kiwanja namba tatu," nikasema. "Pia ni wa namba nne. Na wa tano. Ndio huohuo mpaka kumi na moja. Hakuna kilichoshika, mwenyekiti. Ilikuwa inafukiwa siku moja kabla sijaja, na kufukuliwa siku moja baada ya kuondoka."

Mtu mmoja akacheka, akagundua yuko peke yake, akaacha.

Nikazipitisha picha kwenye simu, mkono kwa mkono. Feni ikalia. Mwenyekiti akaangalia picha ya mwisho kwa muda mrefu.

Kofia akasimama. "Mwulizeni hiyo miti ni ya nani. Dada yake huyo nyuma yenu. Ukoo mmoja unakula huku na huku, halafu leo ananiharibia mimi."

Vichwa vyote vikageuka. Dada akasimama.

"Ni yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyeikodisha."

"Mama," mwenyekiti akamuuliza, "tarehe za ukaguzi ni siri ya ofisi. Ulizijuaje?"

Dada akaitazama feni. "Nilijua tu."

"Kwa nani?"

"Nilijua tu, mwenyekiti."

"Mama, hili linaweza kukupeleka mahakamani."

"Nimesikia."

Akabaki amesimama, mikono ameikunja mbele. Na mimi nikaona anachofanya. Alikuwa anafanya kilekile alichofanya nikiwa darasa la nne, anabaki yeye ili mimi nipite.

Ule upenyo wangu ulikuwa umefunguka mbele yangu kama nilivyoupanga. Nilichotakiwa ni kukaa kimya tu.

"Nilimwambia mimi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

"Nilimwambia mimi, kila Jumapili, mezani kwake. Hakunihonga kitu. Nilikuwa najisifu. Na jingine liandikwe, mwenyekiti. Katika viwanja kumi nilivyosaini sikuwahi kuugusa hata mti mmoja. Nilisimama juu kwenye kokoto nikahesabu kwa macho, kwa sababu sikutaka kuchafua viatu."

Karani aliyekuwa akiandika kumbukumbu aliinua kichwa, akanitazama viatu. Vilikuwa vinang'aa.

Ombi la Kofia lilikataliwa siku ileile. Aliambiwa ajenge upande wa juu, pale alipokuwa amechora maegesho ya magari. Kumbe nafasi ilikuwapo. Alitoka bila kuaga mtu, kofia mkononi.

Ruhusa kumi zilisimamishwa mpaka miti ipandwe upya na ishike, na ile ya nesi haikutoka. Fundi magari alikuwa ameshapandisha ukuta mpaka usawa wa madirisha, mpaka leo hanisalimii. Nesi alinipigia mara moja tu. "Sikulaumu, mwanangu," akasema, "lakini nikikuona moyo unaniuma, kwa hiyo usipite kwangu."

Mimi nilipewa barua baada ya wiki mbili. Haikuwa ndefu.

Dada hawakumpeleka mahakamani. Aliamriwa kuacha biashara ya miche kwa mwaka mzima, na ile arobaini aipande ukingoni kwenye kona, kwa mikono yake, mbele ya mkaguzi mpya. Nikaenda kumsaidia. Kwani nilikuwa na kazi gani nyingine?

Tulipochana mfuko wa kwanza nilishangaa. Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani kwa ndani, imejikaba yenyewe, imechukua umbo la mfuko.

"Imekaa humu muda mrefu mno," Dada akasema. Akachukua mkasi, akaanza kuikata. "Usipoinyoosha sasa, hata ukiipa shamba zima itaendelea kuzunguka palepale."

Tukafika kwenye ule wenye kitambaa. Nikamgusa yule ndege wa njano. Nilikuwa nimejiambia siku zote kwamba Dada alikosea, tawi lilivunjika njiani akalifunga na kilichokuwa karibu, akasahau kukitoa.

"Hapa palivunjika lini?" nikamuuliza.

Dada hakuinua kichwa. "Huo mti haujawahi kuvunjika."

Nikamwangalia.

"Yule wa tatu alipokuwa akipakia mkokoteni," akasema, "niliingia ndani nikachukua mkasi. Nikakata pindo la pazia."

"Kwa nini?"

"Nikajua mkaguzi yeyote anaweza kulipita. Lakini mdogo wangu, pazia lile akiliona hata kwenye jalala, atainama."



"Ungeniambia tu kwa mdomo, Dada."

"Ningekuambia kwa mdomo ungenificha. Ungesema nyamaza, tutalimaliza kimya kimya. Nilikulea, nakujua." Akakata mzizi, akautupa pembeni. "Nilitaka ulione ukiwa kazini kwako. Kila ukaguzi ukipita, Jumapili napika, nasema leo atakuja na tope, leo ataniuliza. Unakuja na viatu vinang'aa. Mara nane nimekupakulia chakula nikiwa nalia jikoni."

Nililia palepale ukingoni, mbele ya mkaguzi mpya, ambaye kwa heshima alijifanya anaandika.

Katika ile arobaini, ishirini na sita imekufa. Ule wenye kitambaa ulitangulia, ulikuwa umesafiri kuliko wote. Kumi na minne imeshika, na tumeongeza mingine tuliyoipanda michanga kabisa, isiyojua mfuko. Juzi nimepima kutoka ukuta wa jiko. Bado ni nane. Hazijapungua tangu mvua zilizopita, na mimi nahesabu hilo kuwa jambo kubwa.

Ndugu yangu uliyesoma mpaka hapa, sina hekima ya kukupa, nina nilichojifunza kwa gharama. Kama umepewa kazi ya kuhesabu kitu, shuka ukiguse. Na kama kuna mtu nyumbani anakurudia swali moja kila wiki, usifikiri ni mazoea. Huenda anakufungia kitambaa.

Siku hizi nachimba mashimo ya miti kwenye viwanja vya watu, wale wachache wanaokubali kuniita. Jumapili iliyopita nilifika kwa Dada, akanizuia mlangoni. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama zamani.

"Vua hivyo viatu hapohapo nje," akasema. "Utanijazia tope sebuleni."

Nikavivua, nikaingia kula.